Earlene Hajafika

Jumapili, 9 Machi 2014

Kwa miaka miwili nimewaficha watu wote jambo moja. Kwa kuwa daktari ameacha kunipangia miadi ya mbali, naliandika hapa kwanza: mimi, Theophilus Burwell, ambaye nusu ya Philadelphia inaniita mtu mwenye sikio, sisikii muziki tena. Dawa za saratani ziliniachia uhai kidogo, zikachukua sikio. Maneno bado nayapata nikivaa vifaa vyangu, chumba kikiwa kimya, nami nikimtazama mtu mdomoni. Muziki ndio ulioondoka. Nikibonyeza kinanda nasikia mlio wa sufuria inayoburutwa sakafuni, na noti ya juu na ya chini ni sufuria ile ile. Binti yangu Renata anadhani vifaa vimenirudishia kila kitu. Nilimwacha adhani hivyo. Mtu wa umri wangu akishanyang'anywa ngazi, gari na chumvi, hutaka abaki na kitu kimoja ambacho watu bado wanakuja kumwomba.

Leo wamekuja kuniomba.

Wamekuja watatu baada ya ibada, bado wana kofia zao za kanisani. Vernell Gaskins alikaa kwenye kiti kikubwa kama kawaida yake. Claudine Merriweather alikaa mbali naye kadiri sebule yangu inavyoruhusu. Odessa Tisdale alibaki jikoni akimsaidia Renata kukata pai ya viazi vitamu. Hao ndio Dada wa Tioga. Niliwapokea wakiwa wasichana wa kwaya mtaani Tioga, nikawafundisha sauti, nikawaandikia fidla, na mwaka 1973 wimbo wao "Rudi kwa Miguu" ulizipita nyimbo zote nchini. Katika wimbo huo mwanamke anamwambia mwanamume aliyeondoka na gari lake kwamba anaweza kurudi, ila kwa miguu. Kiangazi kile ulitoka kwenye kila dirisha la Diamond Street. Ungeweza kutembea kutoka kinyozi mpaka kituo cha treni usikose mstari hata mmoja.

Sasa mji unawachora ukutani, ghorofa tatu kwenda juu, kwenye kona ya Germantown Avenue. Uzinduzi ni tarehe 14 Juni, na wameombwa waimbe. Bi. Boone wa ofisi ya michoro amewashauri kwa heshima kwamba santuri ipigwe, wao wafungue midomo tu. Hakusema kwa nini, na hakuwa na haja. Miaka kumi na kitu iliyopita waliimba kwenye ukumbi wa kamari Atlantic City, kila mmoja akaenda njia yake, watu wakacheka, mtu mmoja akapiga video. Video hiyo bado inatembea kwenye simu za watu.

Vernell anataka kuimba kwa koo. Claudine hataki kuchekwa mara ya pili. Odessa alileta pai. Wameafikiana kwamba niwanoe kila Alhamisi, na Alhamisi ya mwisho ya Mei mimi ndiye niamue: koo au santuri.

Vernell aliniambia, "Profesa, wewe hujawahi kutudanganya kuhusu sauti. Ukisema hapana ni hapana. Tutafungua midomo kama samaki, tutakula keki yao, tutarudi nyumbani."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nikasema waje Alhamisi.

Alhamisi, 13 Machi

Wamesimama kama nilivyowafundisha tangu mwanzo: duara dogo, vipaji vya nyuso vikikaribia kugusana, kama wanawake wanaochungulia chungu kimoja. Claudine sauti ya juu, Vernell ya kati, Odessa ya chini. Kampuni ya santuri ilitaka Vernell asimame mbele na wenzake wawili nyuma wakimwitikia "uuu", kama vikundi vyote vya wasichana vya miaka ya sitini, gauni moja na wigi moja. Mimi nilikataa. Niliwaweka watatu sawa kwenye maikrofoni moja, walivyozoea kanisani. Siku ya kurekodi joto lilizidi, Vernell akavua wigi akalitupa juu ya kinanda, wenzake wakavua yao. Hawakuyavaa tena, na mwaka uliofuata hakukuwa na msichana Tioga aliyevaa wigi.

Leo niliketi mbele yao nikatazama. Nimegundua mengi yanaonekana. Claudine akipanda, mshipa wa shingo husimama. Vernell asipojiamini hufumba jicho la kushoto. Nikawasahihisha kwa macho, na ninaamini nilipatia. Odessa pekee sikumwona kitu. Yeye huimba kama anayepumua tu. Siku zote nimemwona ni gogo la kuegemezea sauti za wenzake.

Mwishoni Claudine alivuta kiti cha nne akakiweka kando. Nilikuwa nimesahau desturi hiyo. Zamani niliwaambia kwamba sauti tatu zikikaa sawasawa kabisa, bila kupungua wala kuzidi hata unywele, husikika sauti ya nne ambayo hakuna anayeiimba. Miezi mitatu baadaye waliisikia, wakampa jina la Earlene, wakamwekea kiti. Katika mshindo wa mwisho wa "Rudi kwa Miguu", pale wote watatu wanaposhikilia noti zao pamoja, ndipo huja.

"Earlene hajafika leo," alisema Claudine. "Labda kakosa basi."

"Kaona umekuja wewe, akarudi," alisema Vernell.

Alhamisi, 20 Machi

Upepo na mvua ya barafu. Claudine kakwama nyumbani, mazoezi hayakufanyika. Nililala mchana kutwa.

Alhamisi, 27 Machi

Waligombana. Mwaka 1977 kampuni ilimchukua Vernell peke yake, na Claudine akazipata habari redioni akiwa anakaanga samaki. Leo Vernell alimwambia anachelewa kuingia kwenye kiitikio. Claudine akamjibu kwamba kuchelewa si kitu kwa mtu aliyewahi kuondoka kabla wimbo haujaisha. Kauli hiyo ilikuwa imesubiri miaka thelathini na saba, ikatoka laini kabisa, kama kitu alichokuwa amekipiga pasi.

Vernell alichukua mkoba. Odessa alisimama mlangoni na sahani ya mkate wa mahindi, akasema anayetaka kupita apite na kipande. Vernell hakuweza kupita na mkoba, kofia na sahani. Akakaa.

Mimi niliona midomo yao ikienda kasi kuliko macho yangu, nikatikisa kichwa pasipostahili. Sidhani kama waliona.

Alhamisi, 3 Aprili

Maumivu. Waliimba, nikasema vizuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kutwa. Waliimba mara nne. Mara ya tatu niliwaona wametulia, mabega yamelegea, jicho la Vernell liko wazi, nikafurahi. Nikawaambia hiyo ndiyo ya kuweka, hasa Odessa, amesimama imara kama nguzo. Vernell na Claudine walitazamana kwa namna ambayo sikuielewa. Odessa alikuwa akinitazama mimi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Renata alinipeleka kanisani kwa kiti cha magurudumu. Watu mia tatu walisimama kuimba, nami nikasikia mabati yakiporomoka. Nilipiga makofi kwa kutazama mikono ya jirani yangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Odessa amekuja peke yake, bila kofia. Alimwomba Renata aende dukani akalete siagi ambayo hatukuihitaji, akavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana, akauweka uso wake kwenye mwanga wa dirisha. Hapo nilijua kwamba amegundua, maana hakuna anayejipanga hivyo mbele ya mtu anayesikia.

Aliniambia kwamba ile mara ya tatu aliimba noti mbaya kwa makusudi, chini ya noti yake hasa, mwanzo hadi mwisho. Wenzake walidhani amezeeka ghafla. Mimi nikamwita nguzo.

"Tangu lini, Profesa?"

Nikamwambia tangu lini.

Nilitaraji aibu, au hasira yake. Alicheka kidogo, akasema angepaswa kujua tangu Machi. Kundi lilipovunjika alipata kazi ya kupika kwenye shule ya watoto viziwi, akawapikia mpaka alipostaafu. "Unanitazama mdomoni kama wanangu wale," alisema. "Nilidhani uzee umekupa adabu."

Sikuyajua hayo. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza Odessa alifanya kazi gani baada yetu. Vernell nilijua kila santuri yake iliyoshindwa kuuzwa. Claudine nilijua waume zake wote wawili. Odessa nilimweka chini ya sauti, nikamwacha huko huko.

Kisha akatoa mkobani puto jekundu, akalipuliza, akalifunga fundo kwa meno. Alisema mwalimu wa muziki wa shule ile aliwapa watoto maputo wayakumbatie, na yeye alikuwa akiwachungulia kwenye dirisha la jikoni huku wali ukiungua. Aliniwekea puto mikononi, akaimba noti yake ya chini karibu nalo. Likaniingia kwenye viganja kama paka anayekoroma. Akapanda noti kidogo, mkoromo ukabadilika. Akashuka, ukanenepa.

Nikalibana kifuani. Miaka miwili sijaguswa na noti.

"Siri ni yako, mimi sina mdomo," aliniambia akivaa koti. "Lakini tarehe ishirini na tisa wale wawili watakuuliza. Utawajibu nini?"

Alhamisi, 1 Mei

Niliwaambia mikono yangu ina baridi na puto linanisaidia damu kutembea. Claudine alisema amewahi kusikia wazee wakiambiwa wabonyeze mpira, ila si puto la sherehe. Odessa alikuwa akikohoa kuficha kicheko.

Najifunza. Sauti ya Odessa hukaa kwenye vifundo vya mikono, ya Vernell viganjani, ya Claudine hugusa ncha za vidole kama nzi anayetua na kuruka. Sauti mbili zisipopatana puto hutetemeka kwa mawimbi, linakuja na kuondoka, linakuja na kuondoka. Kadiri zinavyokaribiana mawimbi hupungua kasi. Najua sababu, niliisoma chuoni. Kuishika mkononi ni jambo jingine.

Alhamisi, 8 Mei

Hospitali. Renata aliwapigia simu. Vernell alituma maua, Claudine alituma ujumbe kwamba maua ya Vernell yanafaa mazishi na nisiyakubali.

Jumatatu, 12 Mei

Nimerudi nyumbani. Kabla hatujaondoka, daktari alizungumza na Renata ukumbini mwa hospitali, akidhani sisikii. Sikusikia, lakini mlango ulikuwa wa kioo. Nina matumaini ya kufika Juni. Julai hakuitaja.

Alhamisi, 15 Mei

Bi. Boone alipita kuwasikiliza. Alikaa dakika chache, akasema ni jambo zuri sana kwa umri wao. Claudine alimshukuru, akamuuliza kama mchoro nao utakuwa mzuri kwa umri wa ukuta. Alipoondoka, aliacha neno kwamba santuri itakuwa tayari kwenye mitambo iwapo itahitajika.

Vernell alibaki akiutazama mlango. Nimemfahamu tangu ana miaka kumi na saba na sikuwahi kumwona anaogopa. Leo nimemwona. Yeye ndiye aliyeondoka mwaka ule, na santuri zake za peke yake hazikufika popote. Kama hawa watatu wakisimama tena wakachekwa, kitakachobaki kwake ni sauti ya msichana wa miaka ishirini na mitatu ndani ya kasha la karatasi. Claudine ana wajukuu. Odessa ana wanawe wa shule. Vernell ana Juni hii tu.

Nilidhani uamuzi wangu ni wa muziki. Kumbe nimeshika maisha ya mtu, na nimeyashika kwa puto.

Alhamisi, 22 Mei

Leo kuna kitu. Katika mshindo wa mwisho mawimbi yalipungua, yakapungua, yakakoma. Puto lilitulia kabisa huku likiunguruma, sikujua kitu hicho nikiite nini.  Walipomaliza, wote watatu walinitazama, nami nikaogopa. Inawezekana Claudine aliacha kuimba. Inawezekana damu yangu ndiyo iliyosimama. Nikasema tutaonana wiki ijayo.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeandika mstari wa kwanza mara tatu. Bora niandike tu ilivyokuwa.

Renata alikuwa amepika sukuma na bawa la bata mzinga, madirisha yalikuwa wazi, kukiwa na joto la kwanza la mwaka. Waliimba mara moja tu, wakiwa wamesimama. Kisha Vernell akaketi mbele yangu, akaikunja mikono yake mapajani kama mtoto anayesubiri matokeo.

"Haya, Profesa. Koo au santuri?"

Nilikuwa nimepanga kusema koo. Odessa angenionyesha kidole gumba kwa siri, ningesema koo, nao wangeniamini, na ningekufa nikiwa na sikio. Nilimtazama Odessa. Alikuwa ameangalia dirishani. Hakutaka kunipa kidole. Nikafahamu kwamba ananiachia nafasi, na kwamba nafasi hiyo ni heshima.

Nikavua vifaa vyangu vyote viwili nikaviweka juu ya kinanda. Nikawaambia ukweli wote: saratani, sufuria, macho, puto. Nikawaambia kwamba tangu Machi sijasikia hata noti moja waliyoiimba, na kwa hiyo sina uamuzi wa kuwapa.

Bila vifaa dunia yangu ni pamba. Niliona tu. Niliona Vernell akisimama, mdomo wake ukienda, mkono ukinyooka kwangu, kisha kwa mlango, kisha kwa Mungu. Renata alitoka jikoni na kitambaa mkononi akanikodolea macho, halafu akaja akasimama nyuma ya kiti changu, mikono yake mabegani mwangu. Claudine alikuwa ameinama. Nilidhani analia. Alipoinua uso nikaona anacheka mpaka machozi. Nikavirudisha vifaa.

"Tumekuja kuchukua cheti kwa kiziwi," alikuwa akisema. "Basi nne, Vernell. Kila Alhamisi napanda basi nne na goti hili."

"Usicheke," alisema Vernell. "Usicheke, Claudine. Wiki nzima mimi sijalala." Sauti yake ilikatika. Alinigeukia. "Kama husikii, ukimya wako wa wiki iliyopita ulikuwa na maana gani? Ulinyamaza, nikasema basi, nimejidanganya. Kama angekuwa kaja, Profesa angesema."

"Nani kaja?" aliuliza Odessa kwa upole.

Vernell alikitazama kiti cha nne. Claudine aliacha kucheka.

"Wewe pia?" Claudine alisema.

Walitazamana. Wote watatu walikuwa wamemsikia Earlene Alhamisi iliyopita. Kila mmoja alidhani ni tamaa ya masikio yake ya kizee, akaningoja mimi niseme, na mimi nikakaa na puto langu kama jiwe. Kwa kuogopa kwangu nilikaribia kuwanyang'anya kile kile walichoniomba niwape.

Claudine aliinuka, akavuka sebule yote, akaketi kwenye mkono wa kiti cha Vernell. Nafasi ya kuketi ilikuwa tele. "Sema tena shoga," alimwambia. "Ulimsikia wapi?"

"Juu yako kidogo."

"Juu yangu kidogo," alisema Claudine. "Mjinga yule. Hajazeeka hata."

Hakuna aliyeniuliza tena koo au santuri. Walikula sukuma yote. Vernell aliponiaga alinishika kidevu akakigeuza usoni pake, ili nione vizuri, akasema, "Ungetuambia Machi." Kisha akanibusu paji la uso kwa nguvu kama anayepiga muhuri.

Ijumaa, 30 Mei

Renata ananiandikia maswali kwenye karatasi ingawa anajua maneno nayasikia. Anasema ni adhabu.

Alhamisi, 5 Juni

Mazoezi barazani. Majirani walileta viti vyao.

Alhamisi, 12 Juni

Siwezi kusimama tena. Odessa alinilisha supu, akanieleza majina ya watoto wa shule yake mmoja baada ya mwingine, na walichopenda kula.

Jumapili, 15 Juni

Jana. Mkono hauna nguvu lakini hili simwachii mtu mwingine aliandike.

Asubuhi kulikuwa na ngurumo, mawingu yakajikusanya juu ya Germantown Avenue, halafu yakaamua kwenda New Jersey. Mtaa ulifungwa. Kulikuwa na samaki wa kukaanga, watu wa kanisa letu na makanisa mengine, vijana waliolijua jina la Dada wa Tioga kwa ile video tu, na wazee waliovaa suruali za enzi zile kwa ujasiri mkubwa. Renata alinisukuma mpaka mbele. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala nikiwa nimelikumbatia puto jipya nisije nikalisahau. Vifaa niliviacha nyumbani kwa hiari yangu. Renata alikubali kuniandikia kila kitakachosemwa, na nyumbani baadaye alinijazia palipobaki.

Pazia liliposhuka, mtaa mzima uliinua mikono. Hapo ukutani, ghorofa tatu kwenda juu, wasichana watatu wamevaa nywele zao wenyewe, wameinamiana kwenye maikrofoni moja. Mchoraji ameweka nyuma yao kiti kitupu. Sijui nani alimwambia. Namshuku Claudine.

Kisha wakapanda jukwaani, nguo za manjano, polepole, Claudine kwa fimbo. Na kabla hawajafika kwenye maikrofoni, kijana wa mitambo aliona wamepanda, akafanya aliloagizwa kufanya iwapo itahitajika. Akawasha santuri.

Nilijua kwa puto. Ngoma na fidla zangu mwenyewe zilinipiga kifuani kutoka kwenye vipaza sauti, na umati ukaanza kucheza. Ingekuwa rahisi sana. Wangefungua midomo tu, na hakuna ambaye angekasirika.

Vernell alifunga mdomo. Aliufunga na watu wakauona umefungwa, akakunja mikono kifuani. Claudine akaegemea fimbo, akafunga wake. Odessa akafunga wake. Wakasimama hivyo huku sauti zao za ujana zikiimba kiitikio juu ya vichwa vyao. Safu za mbele ziliacha kucheza, kisha za nyuma, mpaka mtaa mzima ukasimama kuwatazama wanawake watatu wanaokataa kuimba wimbo wao. Kijana wa mitambo alimtazama Bi. Boone. Bi. Boone aliuweka mkono kichwani. Kijana akazima santuri, puto likanyamaza.

Vernell akavuta maikrofoni. Renata aliniandikia alichosema, na karatasi ninayo hapa.

"Hao ni wasichana wa watu. Tunawapenda, lakini leo hawakualikwa. Sisi tumekuja wenyewe."

Nilidhani mtaa utapasuka. Kelele zile zilinifikia kwenye magurudumu ya kiti.

Walisogeza maikrofoni mbili pembeni, wakabaki na moja. Wakafanya duara, vipaji vya nyuso vikakaribiana, kiti cha nne kikaletwa na mama mmoja wa kanisa ambaye hakuambiwa. Odessa akahesabu kwa mguu, nikaona kiatu chake kikigonga. Wakaanza, bila ngoma, bila fidla, bila mimi.

Sikuhitaji kuangalia mishipa ya shingo. Nilifumba macho. Nilimpata Odessa kwenye vifundo, mzito na mwenye uhakika, na nikajua kwamba wimbo ule siku zote ulikuwa umejengwa juu yake. Vernell akajaza viganja. Claudine akatua kwenye ncha za vidole na safari hii hakuruka. Kiitikio cha pili watu waliimba nao, puto likawa kama mtoto anayerusharusha miguu. Halafu Vernell aliinua mkono, umati ukanyamaza, wakabaki watatu kwenye mshindo wa mwisho.

Mawimbi yalikuja, yakapungua, yakakoma. Puto likatulia. Na ndani ya utulivu ule kikaja kitu cha nne. Wao wamesema siku zote kwamba huja kwa juu. Mimi alinijia kwa chini, chini ya Odessa mwenyewe, kupitia puto mpaka kifuani, mpana, mwenye joto, hana haraka. Alikaa kadiri walivyokaa. Walipoachia, akaondoka nao.

Nilipofumbua macho watu walikuwa wakilia na kurukaruka. Vernell na Claudine walikuwa wameshikana, na sikuweza kutambua nani anamshikilia nani asianguke. Kijana wa mitambo alikuwa akipiga makofi kuliko wote. Watu walikuwa wameinua simu zao juu, mtaa mzima, na sasa kuna video nyingine.

Odessa alishuka peke yake, akapita katikati ya watu mpaka kwangu. Alichuchumaa, uso wake kwenye mwanga, akaniuliza polepole, akiunda kila neno kwa midomo kama anavyowasemesha wanawe.

"Profesa, kaja?"

Nilikuwa na jibu la miaka arobaini. Siku ya kwanza walipokuja mbio kuniambia wamesikia sauti ya nne, niliitikia kwa kichwa, na kila mara baada ya hapo niliitikia kwa kichwa. Studio nzima ilitazama kichwa changu kujua kama amekuja. Nikamwambia Odessa kwamba habari ya sauti ile niliisoma kwenye kitabu cha chuo, nikawasimulia kama kitu ninachokijua. Nilikuwa na masikio mazima, yaliyosifiwa mji mzima, na sikuwahi kumsikia Earlene hata mara moja. Jana nimemshika.